Vichezeo vya mwanzo vya mtoto: fuata mkono wake

Sikukuu zinapokaribia, masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, Unguja, hujaa vichezeo vya plastiki: magari yanayoimba, wanasesere wanaofumba macho, simu za uongo zenye taa. Mzazi mwenye mtoto wa miezi minne hununua gari kwa mapenzi yake yote, akaliweka mbele ya mtoto, na mtoto akalitazama mara moja kisha akarudi kutafuna ncha ya kanga. Hapo watu husema mtoto huyu hapendi kucheza. Anapenda, na hapo alipo anacheza. Kanga ndiyo kichezeo chake cha leo, kwa sababu mkono wake umeshafika kwenye kanga, haujafika kwenye gari.

Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi na yeyote anayekaa na mtoto tangu siku za arubaini mpaka atimize miaka miwili. Nimeupanga kwa hatua, na karibu kila hatua ina jambo moja la kuangalia kwanza: mkono wake unafanya nini. Miezi nimeitaja kwa makadirio tu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na matokeo yaliyotolewa 2006 yalionesha kuwa wapo waliokaa bila kuegemea kabla ya kutimiza miezi minne na wapo waliofika miezi tisa, na wote wazima. Kutembea peke yao ni vivyo hivyo: kuanzia miezi minane hadi 17 na zaidi. Kwa hiyo usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani. Na kama alizaliwa njiti, hesabu miezi yake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Hatua ya kwanza: uso wako (kuzaliwa hadi miezi miwili)

Mkono wa mtoto mchanga umefumbwa. Ukimtilia kidole kiganjani ataking'ang'ania, lakini hajakusudia. Ni tendo la mwili analozaliwa nalo, na hupotea lenyewe baada ya miezi michache. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpa kitu ashike.

Anachoweza ni kutazama. Anaona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa mama na uso wa mtoto anaponyonya. Vilivyo mbali zaidi anaviona kama vimefunikwa na ukungu. Na katika vyote vilivyo karibu, anachokipenda zaidi ni uso wa mtu. Siku za arubaini, mzazi anapokuwa ndani anahudumiwa, zina nafasi nzuri ya mchezo huu. Mpakate, msogeze uso wake karibu na wako, mtazame, mwambie neno, kisha nyamaza umsubiri. Atakunja uso, atatoa ulimi, atatoa kisauti. Mjibu. Halafu peleka uso wako taratibu upande mmoja. Katika wiki za mwanzo ataufuata kidogo tu, kufikia miezi miwili ataufuata vizuri.

Ukitaka kumpa kitu kingine cha kutazama, mtandikie kisutu, ile kanga ya rangi tatu, ukutani upande anaolala. Weusi, weupe na wekundu wa kisutu unaachana waziwazi, na macho machanga yanakamata tofauti kubwa ya rangi kabla ya kukamata rangi za kufifia. Akigeuza uso au akaanza kupiga miayo, amechoka. Mwache. Kumgeuza kwa nguvu ili aendelee kukutazama ni kumharibia mchezo.

Hatua ya pili: mkono unafunguka (miezi miwili hadi minne)

Siku moja utamwona ameuinua mkono wake mbele ya macho anautazama kwa mshangao, anaugeuza, anautia mdomoni. Huyo ameanza kucheza kwa mikono. Kichezeo chake cha kwanza ni ngumi yake mwenyewe, na ndiyo sababu siungi mkono kumvisha soksi za mikononi mchana kutwa kwa kuogopa atajikwaruza. Mkate kucha, mwachie mikono wazi.

Mlaze kwa tumbo juu ya mkeka akiwa macho na wewe uko mbele yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto ambaye hajaanza kujisogeza alale kwa tumbo angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipindi vifupi vifupi. Mwanzoni atalia baada ya dakika moja au mbili. Mnyanyue, umrudishe baadaye. Shingo na mabega yanayopata nguvu hapo ndiyo yatakayoubeba mkono wakati wa kufikia kitu. Lakini usingizi ni mgongoni, usiku na mchana, na kitandani pasiwe na mito wala vichezeo.

Umri huu ndio wa kayamba. Ukimtilia mkononi ataishika, ataitikisa bila kukusudia, atasikia mlio, atasita. Hajui bado kuwa ni yeye anayepiga. Hajui pia kuachia, na anaweza kujipiga nayo usoni, kwa hiyo lazima iwe nyepesi. Unaweza kuitengeneza nyumbani:

Chukua chupa ndogo kabisa ya maji, ambayo mtoto ataishika shingoni. Ioshe, iache ikauke mpaka isibaki tone, maana mchele ukipata unyevu utaoza ndani. Tia kijiko kimoja cha mchele au chooko (choroko), si zaidi. Paka gundi kwenye ringi za shingo ya chupa, funga kifuniko kwa nguvu, iache usiku kucha. Asubuhi jaribu kukifungua kwa nguvu zako zote. Kikifunguka, anza upya. Kisha ishonee kipande cha kanga kuukuu kuanzia shingoni hadi kitako, kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Ikague kila siku kabla ya kumpa, na siku plastiki itakapofanya ufa, itupe.

Hatua ya tatu: anafikia, anashika, anatia mdomoni (miezi minne hadi sita)

Sasa mkono unakwenda kwenye kitu kwa kukusudia. Mwanzoni utakikosa, utapita juu yake, utakipiga ubavuni. Shika kijiko cha mbao mbele ya kifua chake, mahali anapoweza kukigusa, usimtilie kiganjani. Subiri. Hapa ndipo wakubwa wengi tunaposhindwa kuvumilia: tunamwona anahangaika, tunampa. Ule mhangaiko ndio mchezo wenyewe, na akikipata kwa jitihada yake utaona uso unavyonawiri.

Kila atakachokishika kitakwenda mdomoni. Bibi atasema meno yanakuja, na huenda yanakuja, lakini hata mtoto asiye na dalili ya jino hufanya hivyo. Midomo na ulimi vinahisi kwa undani kuliko vidole vyake vya sasa. Kwa kinywa anajua kipi kigumu, kipi laini, kipi baridi, kipi kina pembe. Ukimnyang'anya kila anachotia mdomoni unamzuia kujifunza. Kazi yako ni kuhakikisha kila kilicho karibu naye kinafaa kutiwa mdomoni: ncha ya kanga safi iliyofungwa fundo, mwiko mdogo usio na vibanzi, kikombe cha plastiki nene, kitambaa kilicholoweshwa maji safi ya baridi kwa ajili ya ufizi unaowasha. Vioshe kwa sabuni na maji safi kila siku, hasa mkikaa sakafuni ambako watu hupita na viatu.

Na hapa niseme jambo kwa uzito. Mafuta ya karafuu yasipakwe kwenye ufizi wa mtoto mchanga. Najua yako katika nyumba nyingi, Pemba zaidi, na mtu mzima akiumwa jino yanamsaidia. Kwa mtoto mdogo ni sumu; akimeza hata kiasi kidogo yanaweza kumdhuru ini na kumtia degedege. Chupa yake ikae juu, mbali na mkono.

Namna ya kupima kama kitu ni kikubwa cha kutosha: chukua lile bomba la karatasi linalobaki ndani ya karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Halafu tazama nyumba yako. Komwe na kete za bao barazani. Punje za ubuyu, ambazo kaka na dada zake hutema popote. Kokwa za shokishoki na zambarau. Njugu, sarafu, vifuniko vya soda, kauri na makombe yaliyookotwa pwani, shanga zilizokatika uzi. Kama mtoto wenu amevishwa shanga au hirizi, isifungwe shingoni, na uzi ukaguliwe mara kwa mara. Puto lililopasuka ni hatari kupita vyote hivi, kwa sababu kipande cha mpira hujinata kooni. Vipande vyake viokotwe vyote sikukuu ikiisha.

Kuna betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, zinazowekwa kwenye vichezeo vya taa na mlio na kwenye rimoti. Kichezeo ambacho mlango wa betri haufungwi kwa skrubu usikilete nyumbani. Betri ile ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili. Ukishuku tu kuwa ameimeza, usisubiri dalili, usimtapishe: hospitali moja kwa moja, Mnazi Mmoja kama uko mjini Unguja, Abdalla Mzee kama uko upande wa Mkoani, Pemba, au iliyo karibu nawe kuliko zote.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akinyamaza, hawezi kulia wala kuvuta pumzi, na yuko chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Hakijatoka, mgeuze, umsukume katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5. Endelea kupokezana huku mwengine anatafuta gari. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Hatua ya nne: mikono miwili na kikapu (miezi sita hadi tisa)

Mtoto akikaa bila kuegemea, mikono yote miwili inakuwa huru, na mchezo unabadilika kabisa. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Angalia mambo matatu: anahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwengine, anakigeuza huku na huku akikikagua, na baadaye anagonganisha viwili. Awali, ukimpa kijiko cha pili akiwa ameshika kimoja, ataangusha cha kwanza ili apokee cha pili. Siku atakapovishika vyote viwili na kuvigonga pamoja, ujue amepiga hatua kubwa, hata kama makelele yatakuumiza kichwa.

Kwa mtoto wa kukaa mtengenezee kikapu cha vitu. Utaratibu huu ulienezwa na Mwingereza Elinor Goldschmied, aliyefanya kazi na watoto wachanga Italia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliona kuwa mtoto wa umri huu hufaidika na vitu vya kawaida vya nyumbani vyenye uzito, harufu na mguso tofauti kuliko lundo la plastiki ambalo lote lina mguso mmoja. Kwetu visiwani kikapu kama hicho hakigharimu kitu.

Tafuta kikapu cha ukili kifupi na kipana, chenye kitako kinachotulia, ili mtoto akiegemea ukingo kisimwangukie. Ndani tia vitu kumi au zaidi kidogo. Mimi ningeanza na hivi: kijiko cha kulia cha chuma, mwiko mfupi, kikombe cha bati kisicho na kutu, kipande cha mkeka kilichopindwa kingo zake zote, ndimu kubwa nzima au limau, brashi ya nguo mpya yenye nyuzi ngumu zisizong'oka, mpira wa kitambaa, kifuniko cha sufuria ndogo, kitambaa cha hariri na cha sufu vya ukubwa wa leso ya mkononi, na kifuu.

Kifuu kinataka kazi. Chagua cha nazi iliyokauka, nusu isiyo na macho. Kikune nyuzi zote kwa kisu, kisha kisugue kwa msasa nje, ndani na hasa ukingoni, mpaka ukipitisha shavu lako usihisi mkwaruzo. Kichemshe, kikaushe juani. Mtoto atakipiga sakafuni, atakifunika gotini, atalamba ndani yake, atasikia sauti moja akikigonga kwa chuma na nyingine akikigonga kwa mbao. Sijaona kichezeo cha dukani kinachomshinda kifuu kwa umri huu.

Namna ya kukitumia kikapu ni kwamba mkalishe mtoto kando yake, mkono wake ufike ndani, kaa karibu naye, na unyamaze. Usimwoneshe kijiko kinafanya nini. Usimchagulie. Atachukua kimoja, atakiacha, atakirudia mara nyingi. Macho yako yawepo, kwa usalama na kwa sababu mara kwa mara atayatafuta. Ukimtabasamia inatosha, ataendelea. Akichoka kiondoe kikapu, usikiache kikazoeleka. Kila baada ya siku chache toa vitu viwili au vitatu uweke vingine. Ndimu itupwe ikianza kulainika.

Ukuti mbichi pia ni mali. Watoto wakubwa wa mtaani wanajua kusuka mpira wa pembe nne, saa na feni kwa majani ya mnazi. Waombe wamsukie mdogo wao, ila chelewa, ule uti wa jani, itolewe yote kabla ya kusuka, maana ncha yake inachoma jicho, na mpira ukikauka ukaanza kupasuka utupwe.

Hatua ya tano: kilichofichwa bado kipo (miezi minane hadi kumi hivi)

Mtoto wa miezi mitano ukimfunikia kijiko kwa kanga, kwake kimekwisha. Hutamwona tena akishughulika nacho. Kufikia miezi minane hivi ataifunua kanga akitoe. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefuatilia kwa makini makuzi ya watoto wake watatu, ndiye aliyeieleza hatua hii: mtoto anaanza kujua kuwa kitu kinaendelea kuwepo hata akiwa hakioni. Wataalamu wa baadaye waligundua kuwa dalili za ujuzi huo huanza mapema kuliko alivyodhani, lakini mkono wa kufunua huja umri huo.

Anza kwa kukifunika nusu, sehemu yake ibaki inaonekana. Akikivuta, siku nyingine kifunike chote, yeye akiwa anakutazama. Kisha tumia kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukili. Weka mpira sakafuni, ufunike kwa kawa, umwache alinyanyue. Umbo lake lilivyochongoka juu ni rahisi kwa mkono wake kulishika. Jifunike uso kwa kanga, uibuke ukicheka. Baadaye atajifunika yeye mwenyewe, mara nyingi macho tu, na atangoja umtafute.

Ujuzi huuhuu ndio unaoleta kilio kipya. Mama anayetoka Paje au Jambiani kwenda kwenye mwani, au anayewahi kazini mjini, ataona mtoto aliyekuwa akibaki kwa bibi bila tabu sasa anamlilia mlangoni. Sababu ni kwamba anajua mama yupo mahali, ila hamwoni. Msimtoroke. Muage kwa maneno machache yaleyale kila siku, umkabidhi mkononi mwa anayebaki naye, uondoke. Kumtoroka akiwa anatazama kwengine kunamfunza kuwa ukigeuza macho mtu hupotea, na hapo hatakubali kugeuza macho kucheza.

Hatua ya sita: kudona, kuangusha, kutia na kutoa (miezi tisa hadi mwaka na kidogo)

Kidole gumba na cha shahada vinaanza kukutana kwa ncha. Sasa anaokota punje ya wali. Katika msimu, kama mnaanika au mnachambua karafuu na makonyo jamvini, mtoto akae upande wa pili na mtu wa kumwangalia, kwani kila punje ataiona na ataifikia.

Jipya jengine ni kuachia. Kabla ya hapa alijua kushika tu. Sasa anaangusha kijiko kutoka mapajani mwako, anachungulia kimeangukia wapi, anataka apewe, anakiangusha tena. Bibi, usimwite mtukutu. Anajaribu mkono wake mpya, na anasikiliza kama mlio utakuwa uleule. Mpe kazi inayofanana na hiyo: kopo kubwa la maziwa lisilo na ukingo wa kukata, na vitu vitano sita vya kutia ndani, kama mipira ya kitambaa na vibanio vikubwa vya nguo vya mbao visivyo na waya. Mwanzo atatoa tu, wewe ndiye utakayetia. Kisha atatia. Hapo hataki kichezeo kingine kwa muda mrefu.

Miezi tisa ni wakati wa chanjo ya surua na rubela. Ukienda kliniki, chukua nafasi hiyo kumweleza muuguzi mtoto anachezaje. Watoto wengi huulizwa uzito tu, na mama asiposema, hakuna atakayejua.

Hatua ya saba: kila kitu na kazi yake (mwaka mmoja hadi mwaka na nusu)

Anatia simu sikioni. Anapitisha kitana kichwani, japo kwa mgongo wake. Anachukua ufagio mrefu kuliko yeye anafagia. Anapanga visanduku viwili, kimoja juu ya kingine, vinaanguka, anafurahi. Mpe vitu halisi vya ukubwa wake: kifagio kidogo cha chelewa zilizokatwa ncha butu, kitambaa cha kufutia, sufuria kuukuu na mwiko. Anayejifunza kusimama mpe boksi zito kiasi, lenye nguo ndani, alisukume chumbani.

Kigari cha magurudumu anachotiwa mtoto ndani ili ajitembeze sikishauri kabisa. Hakimharakishi kutembea, na kinamfikisha kwenye ngazi na jiko kabla hujageuka. Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha. Nyumba zetu za Mji Mkongwe na ngazi zake za kusimama wima ndizo za mwisho kufaa kitu kama hicho.

Simu ya kweli yenye video, usimpe. Shirika la Afya Duniani halishauri kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kuwekwa mbele ya skrini, na baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku.

Hatua ya nane: mwanasesere (mwaka na nusu na kuendelea)

Hapa mtoto anaanza kujifanya. Ananywa chai kwenye kikombe kitupu. Kisha anamnywesha mwengine, na huyo mwengine mara nyingi ni mwanasesere.

Mshone hivi. Kata vipande viwili vya kanga kuukuu vyenye umbo la mtu mfupi mnene, urefu wa shubiri moja na nusu. Vishone pamoja kwa nje, uache mwanya ubavuni, ugeuze. Jaza sufi, ukisukuma kwanza miguu na mikono, isijae sana kwani mtoto anapenda kumkunja. Ziba mwanya kwa mishono ya karibu karibu mara mbili, maana sufi ikitoka inaingia puani na kooni. Macho na mdomo yafumwe kwa uzi, vifungo visitumike. Nyumba isiyopenda sanamu yenye sura, uso uachwe mtupu, na mtoto hatalalamika. Na kipande kidogo cha kanga kiwepo kando, cha kumbebea mgongoni.

Mtoto wa kiume naye mpe mwanasesere. Anamwona baba akimpakata mdogo wake. Kuiga hilo ni katika malezi mema.

Lini uende kituo cha afya

Kutofautiana kwa miezi michache hakutishi. Lakini mpeleke, usingoje ziara ijayo, kama kufikia miezi mitatu macho hayafuati uso wako. Kama kufikia miezi sita hajaribu kufikia kitu kilicho karibu. Kama kufikia miezi tisa hahamishi kitu mkono kwa mkono. Kama katika mwaka wa kwanza anatumia mkono mmoja tu na mwengine umelala au umekaza. Watu hulisema hili la mwisho kwa furaha, kwamba ameshajua mkono wa kulia, kumbe umri huo mikono yote ilitakiwa ishiriki, na unaokaa nyuma huenda ni dhaifu. Akipoteza alichokuwa akikijua, mfano alikuwa akikutafuta uso na sasa hatafuti, hilo ni la kupelekwa haraka kuliko yote.

Mgeni akija na mtoto wake

Karibu na miaka miwili utawaona wawili wamekaa mkeka mmoja, kila mtu na kopo lake, hawasemeshani wala hawabadilishani. Mmarekani Mildred Parten alikieleza kipindi hiki mwaka 1932: wanacheza sambamba, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Ni hatua yao, msiwalazimishe kushirikiana. Wakigombania kitu, kuwaambia wagawane hakutafaa kitu, kwa sababu bado hawajajua kuwa ukitoa utarudishiwa. Kwa hiyo mgeni akitarajiwa, andaa viwili viwili vya namna moja: vifuu viwili, mipira miwili, vikombe viwili vya rangi ileile. Kichezeo anachokipenda mno mwenyeji kiwekwe kabatini kabla mgeni hajabisha hodi.